Tatizo Kwanza, Mtandao Baadaye

Tangu mwezi Januari, 2024, shule zetu zimeanza kufuata mitaala mipya hatua kwa hatua, na mwanzoni mwa mwaka 2025 Taifa lilizindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Sera hiyo inataka kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya lazima ya miaka kumi, tena elimu itakayompa ujuzi wa kutenda badala ya cheti cha kutundika ukutani. Pamoja na mabadiliko hayo limezuka dai moja ambalo sasa linasikika mijini na vijijini, nalo ni kwamba shule zipewe kompyuta na kuunganishwa na intaneti.

Sisi tunaliunga mkono dai hilo bila kusita. Umeme umekwisha kufikishwa karibu katika vijiji vyote vya Tanzania Bara, na si haki kwamba mtoto wa mjini aweze kuifungua maktaba ya dunia nzima akiwa sebuleni kwao, ilhali mwenzake wa Kasulu au Tandahimba anagombania kitabu kimoja na dawati zima. Lakini kabla ya kufungua mkoba wa Serikali, ambao kila senti iliyomo ni jasho la wananchi, yatupasa tuulize swali moja ambalo halijaulizwa vya kutosha. Kompyuta hizo zitafanya kazi gani darasani?

Swali hili si la kejeli. Kila aliyepita katika shule zetu anaijua hali yenyewe. Mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili. Usiku unaingia, wanakariri. Mtihani unafika, wanatapika waliyoyameza. Mtihani unapita, wanasahau. Mtindo huu tumeulaani kwa miaka mingi na bado tunao. Sasa iwapo tutayachukua maandishi yale yale ya ubaoni, tukayatia katika kompyuta, kisha tukamwambia mtoto ayasome kwenye kioo, tutakuwa hatukubadilisha elimu. Tutakuwa tumebadilisha ubao tu, tena kwa gharama kubwa. Kasuku hawi mwanachuoni kwa sababu ametolewa katika tundu la miti na kutiwa katika tundu la dhahabu.

Ikumbukwe kwamba jambo hili kwetu si jipya. Mwalimu Julius Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwezi Machi, 1967, alitaka shule zetu zimjenge kila raia katika mambo matatu: awe na akili ya kudadisi, aweze kujifunza kutokana na yale yanayofanywa na wengine, huku akiyakataa au kuyageuza kulingana na mahitaji yake, na ajiamini kwamba ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Kompyuta hazikuwamo katika shule za wakati ule. Hata hivyo, mambo hayo matatu ndiyo mizani ambayo hatuna budi kuitumia leo kuzipima kompyuta. Chombo kinachomfanya mtoto adadisi kinatufaa. Kinachomzoeza kupokea tu, kinatudhuru, hata kama kinang'aa namna gani.

Ipo njia ya kufundisha inayolingana na mizani hiyo, nayo ni kujifunza kwa kutatua matatizo. Chimbuko lake kwa sura tunayoijua siku hizi ni Chuo Kikuu cha McMaster, katika mji wa Hamilton nchini Kanada, ambako mwaka 1969 shule mpya ya utabibu ilipokea wanafunzi wake wa kwanza. Walimu wa pale walichoshwa na desturi ya kuwajaza vijana majina ya mifupa na mishipa kwa muda mrefu kabla hawajamwona mgonjwa, halafu siku ya kumwona wakawa hawajui waanzie wapi. Wakaugeuza utaratibu: mgonjwa kwanza, kitabu baadaye. Mwaka 1974 chuo kipya cha Maastricht, nchini Uholanzi, kikaishika njia hiyo. Wala si ngeni katika Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Moi, huko Eldoret, kiliianza kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, na Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho ni kikongwe zaidi, kikaifuata mwaka 2003.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza, ingawa si mwepesi kuutenda. Wanafunzi kama wanane hivi hukaa pamoja, wakapewa tatizo ambalo hawajafundishwa jibu lake. Kwanza huhakikisha kwamba wameyaelewa maneno yote. Kisha hukubaliana tatizo hasa ni nini. Halafu kila mmoja hutoa anachokijua na anachokidhani, na mwisho huandika orodha ya yale wasiyoyajua. Orodha hiyo ya ujinga wao ndiyo hazina yao, kwa maana ndiyo inayowatuma kwenda kutafuta. Hutawanyika, kila mtu na swali lake. Hurudi, wakafundishana na kuyapima waliyoyaleta. Mwalimu hukaa nao, lakini hawapi jibu. Kazi yake ni kuuliza: Umejuaje? Ushahidi uko wapi? Mbona mwenzako amesema kinyume?

Hebu tuchukue mfano wa kwetu. Pembeni mwa Mlima Meru, kama ilivyo katika sehemu nyingi za ukanda wa volkano wa kaskazini mwa nchi yetu, wako watu wengi wenye meno ya rangi ya kahawia. Mwalimu wa kemia anaweza kuingia darasani na kuandika ubaoni kwamba floridi ikizidi katika maji huharibu meno na mifupa. Wanafunzi watanakili, na kazi itakuwa imekwisha kwa dakika moja. Lakini mwalimu huyo huyo anaweza kuwaambia hivi: "Nyumba mbili ni jirani, na zote zinachota maji katika kisima kimoja. Watoto wa nyumba ya kwanza meno yao yamebadilika rangi sana. Wa nyumba ya pili, kidogo tu. Mama wa nyumba ya kwanza anasema haelewi, kwa maana yeye huchemsha maji ya kunywa kila siku. Elezeni."

Hapo hakuna atakayesinzia. Mmoja atasema ni mswaki. Mwingine atasema ni urithi wa ukoo. Wa tatu atasema kisima kina laana. Watakapokwenda kutafuta, watakuta kwamba floridi hutoka katika miamba ya volkano na kuyeyukia majini. Watakuta kwamba meno hudhurika yanapokuwa bado yanaumbika ndani ya ufizi wa mtoto, ndiyo maana mgeni aliyehamia akiwa mtu mzima hapati madoa. Watashangaa kuona kwamba kuchemsha hakuiondoi floridi, bali maji yakipungua kwa mvuke, floridi iliyobaki huwa nyingi zaidi kwa kila lita. Tena watakuta kwamba magadi yanayotiwa katika maharage ili yaive upesi nayo yanaweza kuwa na floridi nyingi. Kumbe jibu huenda liko chunguni na si kisimani peke yake!

Wakiendelea watajua kwamba Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha miligramu 1.5 za floridi katika lita moja ya maji. Watajua kwamba katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huko huko Meru, wataalamu wa maji wamefanya kazi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya wanyama. Halafu watalazimika kujadili jambo ambalo halimo katika kitabu cha kemia: je, kila nyumba itakubali kunywa maji yaliyopita katika mifupa, hasa kama haijulikani ni mifupa ya mnyama gani? Kemia, biolojia, jiografia, uraia na heshima kwa imani za watu vyote vimekutana katika ndoo moja ya maji.

Sasa mtandao unaingia wapi? Unaingia baada ya tatizo kuwekwa mezani, na tunaona una kazi nne.

Kazi ya kwanza ni kutafuta. Shule nyingi za kata hazina maktaba ya kutosha, na tatizo kama hili haliwezi kutatuliwa kwa kitabu cha kiada peke yake. Taasisi ya Elimu Tanzania imekwisha kufanya jambo la kupongezwa kwa kuviweka vitabu vyake katika Maktaba Mtandao. Juu ya vitabu hivyo, mwanafunzi anahitaji ramani za miamba, taarifa za maji na maandiko ya watafiti. Kwa njia ya mtandao, kompyuta moja kwa kikundi kimoja yaweza kumfikisha huko.

Kazi ya pili ni kuziunganisha shule. Wanafunzi wa Arumeru wakiyapima maji yao na kuyaandika matokeo, na wenzao wa Pangani wakafanya hivyo kwa visima vya pwani, na wa Ukerewe kwa maji ya ziwa, basi litazaliwa swali jipya ambalo hakuna shule moja ingeliliona: kwa nini maji ya nchi moja yanatofautiana namna hii? Barua ya posta ingelichukua majuma kufika na majuma kurudi. Leo takwimu hizo zaweza kuvuka nchi kabla ya kengele ya mapumziko.

Kazi ya tatu ni kumfikia mtaalamu. Mhandisi wa maji hawezi kuzitembelea shule mia moja. Lakini anaweza, mara moja kwa juma, kusoma maswali ya vikundi mia moja na kuyajibu kwa pamoja, ilimradi azingatie sharti moja: asiwape jibu la tatizo, bali awasahihishe pale walipopotoka na kuwaonyesha mahali pa kutazama.

Kazi ya nne, ambayo kwetu sisi ndiyo kubwa kuliko zote, ni kumsaidia mwalimu kuona. Njia hii ilibuniwa kwa vikundi vya watu wanane, kila kimoja na mwalimu wake. Mwalimu wetu mwenye darasa la wanafunzi themanini atakuwa na vikundi kumi, na hawezi kukalia viti kumi kwa wakati mmoja. Vikundi vikiandika majadiliano yao katika kompyuta ya shule, mwalimu jioni atayasoma yote. Atajua nani ameuliza, nani amenyamaza, nani ameleta ushahidi na nani amenakili. Kesho yake atakwenda moja kwa moja kwenye kikundi kilichokwama. Hapo mashine inamfanyia kazi ambayo chaki isingeliweza kamwe.

Wala hatuhitaji kununua programu za bei ya kuruka kutoka ng'ambo. Programu ya Moodle, iliyobuniwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka 2002, hupatikana bure, na yeyote mwenye ujuzi anaruhusiwa kuigeuza ilingane na mahitaji yake. Makerere wanaitumia, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pia. Vijana wetu wanaohitimu masomo ya kompyuta wanao uwezo wa kuitengenezea sura ya Kiswahili na kuifikisha katika shule za sekondari. Hiyo nayo ni kujitegemea.

Lakini itakuwa ni udanganyifu kuusifu mtandao bila kuitaja sumu yake. Tangu Novemba, 2022, programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma, na nyinginezo za aina hiyo zikafuata, mwanafunzi anaweza kuliandika tatizo la meno ya Meru na kuletewa maelezo ya kurasa tatu kabla chai yake haijapoa. Maelezo hayo yana lugha nzuri, na mara nyingine yana makosa yaliyovaa suti. Ubaya wake mkubwa zaidi si makosa hayo. Ubaya wake ni kwamba ile orodha ya ujinga, ambayo tumeiita hazina, haiandikwi tena. Mtoto anapewa mwisho wa safari bila ya kutembea, na miguu isiyotembea hudhoofu.

Wako wanaosema kwamba dawa ni kuzipiga marufuku mashine hizo. Sisi hatuamini kwamba marufuku yatatosha. Kinga ya kweli ni kuchagua matatizo ya hapa petu, ambayo sehemu ya ushahidi wake hupatikana kwa miguu. Hakuna mashine, iwe ya Marekani au ya China, inayojua mama wa nyumba ya kwanza hutia magadi kiasi gani chunguni. Haitajua mpaka mtoto aende, abishe hodi, asalimie kwa adabu, aulize na kuandika. Akirudi na jibu hilo, mashine itakuwa chombo chake cha kulinganisha na kuhakiki. Asipokwenda, yeye ndiye atakuwa chombo cha mashine.

Aidha hatutaki kuwaambia wasomaji wetu kwamba njia hii ni dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 1993 watafiti walipoyakusanya matokeo ya shule mbalimbali za utabibu na kuyalinganisha, waliona kwamba waliofunzwa kwa matatizo walifanya vizuri katika kuwashughulikia wagonjwa na waliyafurahia zaidi masomo yao, lakini katika mitihani ya sayansi za msingi mara nyingine waliachwa nyuma kidogo. Fundisho lake ni wazi. Jedwali la kuzidisha halina budi kukaririwa, na mwalimu hana budi kufundisha misingi. Mtoto asiyejua lita ni nini hawezi kulijadili tatizo la miligramu kwa lita. Njia hizi mbili zisaidiane, kama jembe na panga shambani.

Liko pia suala la mitihani. Mwalimu akitumia majuma mawili kwa kisima cha Meru, mzazi atamwuliza mada ngapi zimebaki, na mkuu wa shule atamwuliza daraja la kwanza ni wangapi. Hofu yake ni ya haki. Mtihani ndio unaotawala darasa, na mtihani ukidai kukariri, kompyuta zitatumiwa kukariri. Kuwahimiza walimu wabadilike huku tukiwapima kwa kipimo kile kile cha zamani ni sawa na kumwambia dereva akate kona huku tumemshikia usukani.

Zaidi ya hayo, tusijitie katika utegemezi mpya. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya bahari zilipata hitilafu, na huduma ya intaneti ikadorora nchini mwetu na katika nchi za jirani. Shule ambayo elimu yake yote iko ng'ambo ya bahari ingelifunga madarasa siku hiyo. Kwa hiyo vitabu, matatizo na kumbukumbu za wanafunzi viwekwe katika kompyuta kuu ya shule yenyewe, inayoweza kusomwa ndani ya uzio wa shule hata pale ambapo waya wa baharini umekatika. Intaneti iwe mlango wa kutokea na kuingilia. Isiwe ukuta unaoshikilia nyumba.

Kutokana na hayo, tunatoa wito ufuatao. Kwanza, Wizara ya Elimu na Taasisi ya Elimu Tanzania ziandae hazina ya matatizo ya kwetu kwa kila somo na kila mkoa: maji ya Meru, mmomonyoko wa udongo wa Kondoa, gugumaji la Ziwa Viktoria, mikoko ya Rufiji. Matatizo hayo yaandikwe kabla ya kompyuta kununuliwa, ili kila kompyuta ifikapo shuleni ikute kazi inaisubiri. Pili, vyuo vya ualimu viwafunze walimu kazi ngumu ya kuuliza bila kujibu, kwa sababu anayefundisha hivi leo mwenyewe alifundishwa kwa kunakili. Tatu, Baraza la Mitihani liipe kazi ya vikundi uzito wa kweli katika maksi za mwanafunzi, ili mwalimu mwenye bidii asiadhibiwe kwa bidii yake. Nne, kwa kuwa katika shule nyingi wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, vyombo viwe vya shule, vitumiwe na kikundi chini ya uangalizi, na shule za vijijini zipewe kwanza. Wenye nacho wamekwisha kujinunulia.

Kwa wazazi tuna neno moja. Mwanao akirudi nyumbani akakuuliza umetia magadi kiasi gani katika maharage, usimfukuze jikoni ukidhani amekosa adabu. Mjibu. Yumo katika kusoma.

Katika miaka michache ijayo mamilioni ya watoto wetu watakaa mbele ya kioo cha kompyuta kwa mara ya kwanza. Uamuzi wa kama watakaa pale kungoja jibu au kufuatilia swali lao wenyewe hautafanywa na wenye viwanda vya kompyuta. Utafanywa na sisi, na wakati wake ni sasa, kabla ya masanduku kufunguliwa. Mtoto wa Meru hakuumbwa ili aishi kwa kuambiwa na wengine kwa nini meno yake ni ya kahawia. Tumpe nafasi ya kuuliza, kupima, kubishana na wenzake na kutafuta duniani kote, ili siku moja arudi kijijini kwao na chujio alilolitengeneza kwa mikono yake, na mdogo wake acheke bila ya kuziba mdomo.